Istilahi za mikutano: maneno ya hoja, mjadala, kura na muhtasari

Taratibu za mikutano ni kanuni zinazoliwezesha kundi la watu wenye maoni tofauti kufikia uamuzi mmoja ulio halali. Katika taratibu hizo, maneno ndiyo vyombo vya kazi. Mjumbe anaposema "natoa hoja" huwa ameanzisha jambo, na mwenyekiti anaposema "hoja imepita" huwa ameufunga mlango wa mjadala. Kwa sababu hiyo, neno likitumiwa ovyo huharibu zaidi ya uzuri wa sentensi. Huweza kulifanya pendekezo lionekane kuwa uamuzi, au taarifa ya fedha ionekane imekubaliwa ilhali ilipokewa tu.

Makala haya yanaeleza istilahi za msingi kwa mpangilio wa mkutano wenyewe, tangu kuitwa hadi kuandikwa kwa muhtasari. Mkazo umewekwa kwenye maneno yenye maana zaidi ya moja, kwa kuwa hayo ndiyo yanayowatatiza wanafunzi na wafasiri.

1. Chimbuko

Sehemu kubwa ya taratibu zinazotumika leo ilikulia katika Bunge la Uingereza, ambako Thomas Erskine May alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1844. Nchini Marekani, Thomas Jefferson alitoa mwongozo wake wa kuendesha Seneti mwaka 1801. Mwaka 1876 Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi, alichapisha kitabu cha kanuni kwa ajili ya vyama vya kawaida. Miaka 13 kabla ya hapo aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa katika mji wa New Bedford, na vurugu iliyotokea ilimfundisha kuwa nia njema pekee haitoshi kuendesha mkutano.

Katika Afrika Mashariki taratibu hizi ziliingia kwa njia ya mabaraza ya kutunga sheria ya wakoloni, la Kenya mwaka 1907 na la Tanganyika mwaka 1926, ambayo shughuli zake ziliendeshwa kwa Kiingereza. Baada ya uhuru, Kiswahili kiliingia bungeni kwa njia mbili tofauti. Nchini Tanzania kilikuwa lugha ya kawaida ya mijadala. Nchini Kenya kilianza kutumika bungeni mwaka 1974 kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta, na ibara ya 120 ya Katiba ya mwaka 2010 imekitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa kuwa njia zilikuwa mbili, baadhi ya istilahi za Dodoma hazilingani na za Nairobi. Mfasiri hana budi kujua kwanza anaandikia wasomaji wa upande gani.

2. Mkutano, kikao, baraza

Katika mazungumzo ya kila siku "mkutano" na "kikao" hubadilishana nafasi bila hasara. Katika lugha ya Bunge la Tanzania hayabadilishani. "Mkutano" ni kipindi kizima cha siku au majuma kadhaa ambacho Bunge limeitwa, na "kikao" ni ukaaji wa siku moja ndani ya kipindi hicho. Ndiyo maana kumbukumbu za Bunge hutaja mkutano wa ngapi, kisha kikao cha ngapi. Mfasiri akiyatumia yote mawili kwa neno moja, huonyesha kama kwamba Bunge huitwa upya kila asubuhi.

"Baraza" ni kibaraza cha kukalia mbele ya nyumba, na pia ni watu wanaoketi hapo kushauriana. Katika matumizi rasmi hutaja chombo chenye wajumbe maalumu, kama baraza la mawaziri au baraza la madiwani. Kwa hiyo baraza hufanya mkutano, na mkutano huwa na kikao kimoja au zaidi.

3. Mwenyekiti na Kiti

"Mwenyekiti" ni mtu. "Kiti" ni mamlaka yake. Msemo "uamuzi wa Kiti" humaanisha uamuzi wa yeyote anayeongoza kwa wakati huo, awe mwenyekiti mwenyewe au makamu wake. Mjumbe huelekeza maneno yake kwa Kiti wala hamjibu mjumbe mwenzake moja kwa moja. Kutokana na kanuni hiyo umezuka msemo "Mheshimiwa Mwenyekiti, kupitia kwako naomba kumuuliza mtoa hoja..." Faida yake ni kwamba hasira hupungua makali inapolazimika kupita kwa mtu wa tatu.

Namna ya kuita hutegemea mahali. Bungeni husemwa "Mheshimiwa Spika" au "Mheshimiwa Mwenyekiti". Katika vyama vingi vya Tanzania husemwa "Ndugu Mwenyekiti", na Kenya husikika zaidi "Bwana Mwenyekiti" au "Bi. Mwenyekiti".

4. Akidi na mahudhurio

"Akidi" ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili maamuzi yawe halali. "Mahudhurio" ni idadi ya waliofika. Sentensi "Akidi ilikuwa watu 52" ina kosa ikiwa mwandishi alikusudia waliofika. Sahihi ni: "Waliohudhuria walikuwa 52, hivyo akidi ilitimia." Akidi hutimia au haitimii, haiongezeki kwa watu kuzidi kuingia ukumbini.

Kiwango huwekwa na katiba ya chombo. Katiba ya Tanzania inataka nusu ya wabunge wote. Katiba ya Kenya, ibara ya 121, inataka wabunge 50 katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Chama kisichotaja akidi katika katiba yake hujiachia ugomvi wa baadaye.

Neno hili lisichanganywe na "akida", cheo cha kiongozi wa eneo chini ya utawala wa Wajerumani.

5. Ajenda

Ajenda ni orodha ya mambo yatakayoshughulikiwa kwa mfuatano wake. Mpangilio uliozoeleka Tanzania ni huu:

(a) kufungua mkutano;
(b) kupitisha ajenda;
(c) kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita;
(d) yatokanayo na muhtasari;
(e) taarifa za viongozi na kamati;
(f) hoja mpya;
(g) mengineyo;
(h) kufunga mkutano.

"Yatokanayo" ni mambo yaliyoachwa yakisubiri utekelezaji au maelezo katika kikao kilichopita. Si mahali pa kuanzisha jambo jipya. "Mengineyo" ni mambo madogo ambayo hayakuorodheshwa. Jambo linalogusa mali, uanachama au katiba likipitishwa chini ya mengineyo, wasiohudhuria wana haki ya kulalamika, kwa kuwa hawakupewa taarifa kwamba lingejadiliwa.

6. Hoja, pendekezo, azimio

"Hoja" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ushahidi au dalili, na katika Kiswahili lina maana mbili zinazokutana mkutanoni. Ya kwanza ni sababu inayotolewa kuthibitisha jambo: "Hoja yake ina nguvu." Ya pili ni kauli rasmi inayoutaka mkutano uamue jambo: "Natoa hoja kwamba ada ya mwaka iwe shilingi 20,000." Ya kwanza hujibiwa, ya pili hupigiwa kura. Mwandishi wa muhtasari anayeandika "Mjumbe alitoa hoja kuhusu ada" humwacha msomaji hajui kama palikuwa na jambo la kuamuliwa. Ikiwa ni maoni tu, iandikwe "alitoa maoni". Ikiwa ni hoja rasmi, maneno yake yaandikwe kamili.

Hoja nzuri huanza na "kwamba" na kutaja nani afanye nini, kwa kiasi gani na lini. "Natoa hoja kuhusu usafi" si hoja, ni kichwa cha habari.

"Pendekezo" ni wazo lililotolewa, na halimfungi mtu. "Azimio" ni uamuzi wa mkutano uliotamkwa rasmi. Neno hili hubeba pia maana ya tamko la msimamo, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa hiyo anayefasiri kutoka Kiswahili aangalie kama azimio lililo mbele yake linaamuru utekelezaji, linaridhia mkataba, au linatangaza msimamo.

7. Kuunga mkono na kuafiki

Hapa ndipo penye utata mkubwa kuliko pengine pote. Katika taratibu nyingi hoja haijadiliwi mpaka mjumbe wa pili ajitokeze kuidhamini. Mjumbe huyo husema "naunga mkono" au, kama ilivyo katika Bunge la Tanzania, "naafiki". Lakini maneno hayo hayo hutumiwa na wachangiaji kueleza kwamba wanaipenda hoja, na "kuafiki" hutumika tena mwishoni: hoja iliyopita husemwa "imeafikiwa".

Kisheria ni mambo matatu mbalimbali. Mdhamini anasema tu kwamba jambo lastahili kujadiliwa. Kwa kanuni za Robert, anaweza baadaye kulipigia kura ya kulikataa. Mchangiaji anaeleza maoni yake. Mpiga kura ndiye anayeamua. Katika maandishi, njia salama ni kukamilisha kauli:

- "Mjumbe wa pili aliunga mkono ili hoja ijadiliwe."
- "Wachangiaji watatu walizungumza kuitetea hoja."
- "Hoja ilipigiwa kura na ikapita."

Muhtasari unaosema "Hoja iliungwa mkono na wajumbe wengi", kisha ukanyamaza, haujaeleza kama kura ilipigwa.

8. Marekebisho

Marekebisho ni hoja ndogo inayotaka kubadili maneno ya hoja kuu kwa kuongeza, kuondoa au kuweka neno mahali pa jingine. Sharti lake ni kuhusiana na hoja yenyewe. Marekebisho hupigiwa kura kwanza. Yakishapita au kukataliwa, mkutano hurudi kwenye hoja kuu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kura ya marekebisho imemaliza kazi. Wajumbe wakikubali kwamba "shilingi 20,000" isomeke "shilingi 15,000", bado hawajakubali kulipa chochote. Wamekubali tu maneno watakayoyapigia kura. Mwandishi atenganishe: "Marekebisho yalikubaliwa. Hoja, kama ilivyorekebishwa, ilipigiwa kura na ikapita."

"Kuondoa hoja" ni kitendo cha mtoa hoja kuirudisha isijadiliwe. "Kufuta kauli" ni kuyatangua maneno yaliyosemwa, kwa kawaida yale yaliyomvunjia mtu heshima. Agizo la "futa kauli yako" halina uhusiano na hoja iliyo mezani.

9. Utaratibu, nidhamu, taarifa, mwongozo

Mjumbe anaweza kuukatiza mjadala pale kanuni inapovunjwa. Tanzania husimama na kusema "kuhusu utaratibu". Kenya husema "hoja ya nidhamu". Istilahi zote mbili hutaja kitu kimoja. Neno "nidhamu" lisimpotoshe mfasiri akadhani kwamba mtu ameshtakiwa kwa utovu wa adabu. Huenda kosa ni kwamba akidi imepotea, au kwamba mzungumzaji ametoka nje ya mada.

"Taarifa" ina maana tatu mkutanoni: maelezo yaliyoandikwa, kama taarifa ya mweka hazina; notisi, kama taarifa ya siku 14 kabla ya mkutano; na katika Bunge la Tanzania, ukatizaji wa mjumbe anayetaka kumpa mzungumzaji habari fulani. Katika matumizi haya ya mwisho mzungumzaji huulizwa kama anaipokea taarifa, naye yu huru kuikataa. "Mwongozo" ni ombi la kumtaka Spika au mwenyekiti aeleze kanuni inasemaje. Anayeomba mwongozo hauliza maoni ya wajumbe.

10. Kuhitimisha hoja na kufunga mjadala

"Kuhitimisha hoja" ni haki ya mtoa hoja kujibu michango kabla ya kura. "Kufunga mjadala" ni uamuzi wa kusimamisha uchangiaji. Kwa kanuni za Robert uamuzi huo huhitaji theluthi mbili ya kura, kwa sababu unawanyima waliobaki nafasi ya kusema. Mwenyekiti anayetangaza "mjadala umefungwa" kwa sababu tu amechoka amechukua haki isiyo yake.

Baada ya hapo mwenyekiti "huwahoji" wajumbe. Katika muktadha huu, kuhoji si kudadisi wala kushuku. Ni kuliweka swali mbele ya mkutano ili lijibiwe kwa ndiyo au siyo.

11. Kura na aina za wingi

"Kura" kwa asili ni bahati nasibu, na maana hiyo ingali hai: watoto hupiga kura nani aanze mchezo. Pale ambapo chama kinaamua jambo kwa bahati, kwa mfano kugawa viwanja, iandikwe "kura ya bahati" ili isidhaniwe kwamba watu walichagua.

Jambo zito zaidi ni neno "wengi". Tuseme chama kina wanachama 90, na akidi yake ni nusu, yaani 45. Wamehudhuria 50. Hoja imepata kura 24 za ndiyo na 20 za siyo. Wajumbe sita hawakupiga kura. Je, imepita? Jibu linategemea maneno ya katiba ya chama:

- "Zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa": kura ni 44, zinatakiwa 23. Hoja imepita.
- "Zaidi ya nusu ya waliohudhuria": waliohudhuria ni 50, zinatakiwa 26. Hoja imeanguka.
- "Zaidi ya nusu ya wanachama wote": wanachama ni 90, zinatakiwa 46. Hoja imeanguka.
- "Theluthi mbili ya kura zilizopigwa": zinatakiwa 30. Hoja imeanguka.

Kura ni zile zile, na matokeo yametofautiana kwa sababu ya maneno mawili au matatu. Mfasiri anayeandika "kwa wingi wa wajumbe" bila kueleza wajumbe gani huwa amewaachia mahakama kazi yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 98, inatoa mfano wa uangalifu: mabadiliko ya Katiba huhitaji theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria, na kwa mambo kadhaa yaliyoorodheshwa, theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar.

Msemo "nusu jumlisha moja" uepukwe. Kura 45 zikipigwa, nusu ni 22 na nusu. Zaidi ya nusu ni 23, lakini nusu jumlisha moja ni 23 na nusu, na hapo ugomvi huanza kama zinatakiwa 23 au 24. "Zaidi ya nusu" haina utata.

"Zaidi ya nusu" pia si sawa na "kura nyingi kuliko wengine". Katika uchaguzi wa rais, Kenya hutaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na sharti la asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Tanzania, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, mshindi ni aliyepata kura nyingi kuliko wagombea wengine.

Maneno mengine ya kutofautisha:

- Kujizuia kupiga kura: kuwapo na kutochagua upande. Kususia kura ni kukataa kushiriki kwa nia ya kupinga zoezi lenyewe. Kura iliyoharibika ni iliyopigwa vibaya.
- Kwa kauli moja: wote waliopiga kura wamekubali. Bila kupingwa: mgombea hakuwa na mpinzani, na huenda kura haikupigwa kabisa.
- Kura ya turufu: kwa maana iliyoenea, uwezo wa mmoja kuzuia uamuzi wa wengine, kama walivyo nao wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama. Baadhi huitumia pia kwa kura ya mwenyekiti pande mbili zinapolingana. Kwa maana hii ya pili, "kura ya uamuzi" ni bora.

Kura zikilingana, kanuni ya jumla ni kwamba hoja imeanguka, maana haikupata zaidi ya nusu. Katiba ya Kenya, ibara ya 122, inasema hivyo waziwazi kuhusu Bunge la nchi hiyo.

12. Kupokea, kupitisha, kuthibitisha, kuridhia

Vitenzi hivi vinne hutumiwa kama visawe, na madhara yake huonekana zaidi kwenye fedha. "Kupokea taarifa" ni kukiri kwamba imewasilishwa. "Kupitisha taarifa" ni kuikubali pamoja na yaliyomo. Mkutano uliopokea taarifa ya mweka hazina haujasema kwamba hesabu zake ni sahihi. Kwa kanuni za Robert, kinachopitishwa ni taarifa ya mkaguzi. Mhasibu akishtakiwa, neno moja la muhtasari laweza kumtetea au kumponza.

"Kuthibitisha" hutumika kwa muhtasari: wajumbe hukiri kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyofanyika, hata kama hawakuyapenda. "Kuridhia" ni kukubali rasmi jambo lililokwisha kufanywa au kusainiwa na mwingine, kama mkataba wa kimataifa.

13. Mezani

Katika Kiswahili "kuwasilisha mezani" ni kuleta hati rasmi mbele ya Bunge, kwa kufuata desturi ya Uingereza. Katika desturi ya Marekani msemo unaolingana nao kwa maneno una maana iliyo kinyume: kuiweka hoja kando isijadiliwe kwa sasa. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja, kumbe wote walitaka jambo lile lile. Anayefasiri maandishi ya Kimarekani aandike "kuiweka hoja kando kwa muda". Akiandika "kuiwasilisha mezani" atakuwa amegeuza uamuzi.

14. Kuahirisha, kusitisha, kufunga, kuvunja

"Mkutano umeahirishwa" huweza kumaanisha kwamba haukufanyika kabisa, au kwamba ulifanyika ukakatizwa hadi siku nyingine. Muktadha ukiwa hautoshi, iandikwe "Mkutano uliokuwa ufanyike Jumamosi umesogezwa hadi..." kwa maana ya kwanza, na "Kikao kiliahirishwa saa 7.00 mchana hadi kesho saa 3.00 asubuhi" kwa maana ya pili.

"Kusitisha" ni kusimamisha shughuli kwa muda mfupi, kama wakati wa chakula. "Kufunga" ni kumaliza. "Kuvunja" ni kukiondoa chombo chenyewe, kama kuvunja Bunge kabla ya uchaguzi. Lakini mkutano "uliovunjika" ni uliosambaratika kwa ugomvi. Anayefasiri kwenda lugha nyingine akumbuke pia kwamba saa 3.00 asubuhi ni saa tatu tangu mapambazuko, wala si usiku wa manane.

15. Muhtasari na kumbukumbu

Tanzania husema "muhtasari" na Kenya hufundisha "kumbukumbu za mkutano". Neno la kwanza, lenye asili ya Kiarabu, limebeba wazo la kufupisha, na ndivyo inavyopasa. Muhtasari wa chama huandika yaliyofanyika na kuamuliwa, hauandiki kila lililosemwa. Kazi ya kuandika kila neno ni ya taarifa rasmi za Bunge, ziitwazo pia Hansadi, ambazo hudiriki kuonyesha makofi na vicheko.

Muhtasari kamili hutaja waliohudhuria, waliotuma udhuru, wasiohudhuria bila udhuru na waalikwa. Maneno kamili ya kila hoja. Jina la mtoa hoja. Matokeo ya kura. Na saa ya kufunga. Waalikwa watengwe na wajumbe, kwa kuwa hawahesabiwi katika akidi wala hawapigi kura.

16. Mfano: hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho

Mkutano mkuu wa kikundi cha watumiaji maji, Tanzania:

Mjumbe wa kwanza: Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja kwamba kikundi kinunue pampu mpya kwa gharama isiyozidi shilingi milioni tatu kabla ya mwisho wa mwezi huu.
Mjumbe wa pili: Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono ili ijadiliwe.
Mwenyekiti: Hoja imetolewa na kuungwa mkono. Uwanja wa majadiliano uko wazi.
Mjumbe wa tatu: Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja ya marekebisho. Baada ya maneno "milioni tatu" yaongezwe maneno "baada ya kupata bei kutoka kwa wauzaji watatu".
Mjumbe wa nne: Naunga mkono marekebisho hayo ili yajadiliwe.
Mwenyekiti: Kama hakuna mchangiaji, nawahoji kuhusu marekebisho tu. Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Marekebisho yamepita. Sasa tunarudi kwenye hoja kama ilivyorekebishwa. Mtoa hoja, karibu uhitimishe.
Mjumbe wa kwanza: Ndugu Mwenyekiti, nayapokea marekebisho. Pampu iliyopo imekarabatiwa mara nyingi, na kila ikiharibika kina mama hurudi mtoni. Naomba wajumbe waikubali hoja.
Mwenyekiti: Nawahoji kuhusu hoja yenyewe. Wanaoafiki wanyooshe mikono. Wasioafiki. Ndiyo 31, siyo 12. Hoja imepita.

Katika muhtasari: "Iliamuliwa, kwa kura 31 dhidi ya 12, kwamba kikundi kinunue pampu mpya kwa gharama isiyozidi shilingi milioni tatu, baada ya kupata bei kutoka kwa wauzaji watatu, kabla ya mwisho wa mwezi huu."

Sentensi hiyo moja inatosha. Mwanachama ambaye hakuwapo ataisoma na kujua nini kimeamuliwa, kwa nguvu ya kura ngapi na kwa masharti gani. Mweka hazina atajua mpaka wake, na mkaguzi atakapokuja atakuwa na kipimo cha kupimia matumizi.